Mlima Tunaounywa: Siku Nne Kuupanda Meru

Nikicheka utajua kwetu ni wapi. Meno yangu yana mabaka ya kahawia, kama ya mama, kama ya nusu ya darasa nililosoma nalo shule ya msingi Maji ya Chai. Kijiji chetu kilipewa jina na mto wake, ambao maji yake yana rangi ya chai ya rangi. Chemchemi na mito mingi ya upande wetu ina floraidi nyingi, na madini hayo yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Yakizidi sana hayaishii kwenye meno, yanapinda na mifupa. Kwa hiyo mlima huu nimeunywa tangu nikiwa mtoto. Kuupanda sikuwahi, mpaka mwishoni mwa Januari, nikiwa na miaka thelathini na minne.

Sisi wa kule tuna tabia moja ya ajabu. Mgeni akija, asubuhi tunamtoa nje tumwonyeshe Kibo, kilele cha Kilimanjaro, upande wa mashariki, tukiwa tumeupa Meru mgongo. Mlima wa pili kwa urefu Tanzania uko nyuma ya choo, na hakuna anayegeuka kuutazama.

Aliyenishawishi ni mdogo wangu wa mwisho, dereva wa bodaboda. Yeye meno yake ni meupe, kwa sababu alikulia wakati ambapo mama alikuwa ameanza kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Jambo hilo haachi kunikumbusha.

Siku ya kwanza: Geti la Momella hadi Miriakamba

Tulifika getini saa tatu asubuhi kwa Noah ya jirani. Momella iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na asubuhi pale ni kama stendi ndogo: wagumu wanapanga mizigo kwenye mzani, wapishi wanahesabu mayai, watu wanajaza majina kwenye daftari. Wagumu ndio wapagazi. Ukiona mtu amebeba mtungi wa gesi kichwani huku anaongea na simu, huna haja ya kuuliza kwa nini wanaitwa hivyo.

Meru hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Wetu alikuwa mzee kidogo, mwembamba, buti zimechakaa lakini zinang'aa. Tulimwita Afande na nitamwita hivyo hivyo hapa. Kabla hatujapiga hatua alitupanga mstari mmoja, akasema maneno machache: "Mbele yangu hapiti mtu. Nikisimama, simameni. Nikikaa kimya, nyamazeni. Nyati hana habari na wewe mpaka umshtue."

Mdogo wangu akauliza kama amewahi kumpiga. Afande akamwangalia viatu, akaanza kutembea.

Baada ya geti unavuka uwanda wa nyasi fupi. Twiga walikuwa kumi na mmoja, niliwahesabu mara mbili. Chini yao ngiri wamepiga magoti wanakula, na kule mbali nyati kama mawe meusi yaliyomwagwa. Hifadhi hii haina simba. Chui wapo na fisi wapo, ila simba hakuna, na nadhani ndiyo maana twiga wa hapa wana utulivu wa ng'ombe wa bibi. Mmoja alibaki katikati ya njia akitafuna, akitutazama kwa juu kama mwalimu mkuu, hadi Afande alipotuzungusha kando.

Kuna njia mbili za kwenda Miriakamba, kambi ya kwanza, fupi na ndefu. Tulichagua ndefu, inayozunguka kusini kupitia msituni, kwa sababu mwongozaji alisema wanyama ni wengi zaidi huko. Alisema kweli. Pia hakusema kwamba ni saa sita za kutembea.

Msitu unaanza ghafla. Dakika moja uko juani, inayofuata umeingia kwenye baridi ya pango. Miti ya loliondo na podo, halafu juu zaidi mitarakwa, na mimea ya kijivu inayoning'inia kwenye matawi kama ndevu. Tulipita chini ya mkuyu maarufu uliofanya tao juu ya njia, tao kubwa hata tembo hupita. Mwongozaji alitueleza unavyokua: ndege anakula tunda, anaacha mbegu juu ya tawi la mti mwingine, mbegu inashusha mizizi taratibu mpaka ardhini, na mizizi hiyo inanenepa hadi inamkaba mwenyeji wake. Aliyekaribishwa ndiye anayebaki. Mdogo wangu akasema anawajua wapangaji wa namna hiyo.

Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti yao si ya nyani wala ya kima, ni mkoromo mzito, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Halafu matawi yakatikisika na wakaanza kuruka mmoja mmoja, manyoya meupe ya mabegani yakifunguka kama kanga inayopepea. Mbega hana kidole gumba, na anaishi kwa majani ambayo tumbo lake huyachachusha kama tumbo la ng'ombe. Zamani ngozi yake ilikuwa pambo la wazee na wachezaji ngoma, na ndiyo iliyomponza. Hawa wa Meru walikaa juu yetu bila wasiwasi, mikia mirefu ikining'inia kama kamba za kengele. Afande mwenyewe, ambaye huwaona kila wiki, alisimama akainua shingo. Nilipenda hilo.

Ilikuwa saa nane hivi, tumekaribia uwazi wa majani, alipoinua ngumi. Tukasimama. Sikuona kitu. Nilisikia harufu kwanza, harufu ya zizi, halafu kile nilichodhani ni kichuguu kikageuza kichwa.

Dume moja, peke yake. Pembe zimesagika ncha, uso umekauka matope. Alikuwa umbali wa mita thelathini, pengine pungufu, na ndege wawili, shashi, walikuwa wakimchokoa kupe sikioni. Madume wazee hujitenga na kundi, na hao ndio wa kuogopwa: hawana wenzao wa kuwaonya, kwa hiyo wao hawakimbii kwanza, wanashambulia kwanza. Afande alishusha bunduki begani polepole bila kuielekeza popote. Hatukuongea. Nilihesabu pumzi zangu zikafika mia na kitu. Mgumu nyuma yangu alikuwa na trei ya mayai mkononi na hata yai moja halikulia.

Nyati akapiga chafya. Naapa, chafya. Akageuka, akaingia kichakani, na kichaka kikafunga nyuma yake kana kwamba hakuna kilichopita.

"Huyo namjua," Afande akasema. "Mwaka jana alinikalisha juu ya mti."

Miriakamba tulifika saa kumi na moja jioni, mita 2,514. Ni nyumba za mbao zenye vitanda vya ghorofa, watu wanne chumba kimoja. Mpishi alituletea bisi na chai ya tangawizi kabla hatujavua viatu. Tulionywa kwamba kwenda chooni usiku lazima utoke na tochi na uangalie kwanza, maana nyati huja kula nyasi kati ya nyumba. Saa tano usiku niliwasikia, ule mkato wa nyasi, krap, krap, nyuma ya ukuta wa mbao sentimita chache kutoka kichwani kwangu. Nilibana haja hadi alfajiri.

Siku ya pili: Mgongo wa Tembo, kiatu, na Meru Ndogo

Asubuhi Kilimanjaro ilikuwa inaelea juu ya mawingu, ikiwa safi kabisa. Lakini macho yangu yalishuka chini yake, kwenye nyanda za Ngare Nanyuki. Babu mzaa mama alitoka huko. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakafa njiani. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Kesi hiyo haikurudisha ardhi papo hapo, ila iliwafundisha watu wengi Tanganyika kwamba inawezekana kusema. Babu alikuwa akiisimulia kila Krismasi, na nikiwa mtoto niliona ni hadithi ya mahali pa mbali. Kutoka Miriakamba ningeweza kupafunika kwa kiganja.

Maziwa ya Momella nayo yalionekana, kila moja na rangi yake, kijani hapa, samawati kule, kutegemea chumvi na mwani uliomo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wote wa mashariki wa Meru ulibomoka, matope na mawe yakaporomoka kuelekea Kilimanjaro, na maziwa haya yalikaa kwenye mabonde ya kifusi hicho. Floraidi yake ni kali kuliko hata ya mtoni kwetu. Na bado magadi yanayookotwa ukanda huu tumeyatia kwenye maharage na makande miaka nenda rudi, ili yaive haraka.

Kupanda kwenda Saddle, kambi ya pili, ni ngazi, ngazi, na ngazi. Unapita Topela Mbogo, kidimbwi cha matope ambako nyati hugaagaa, halafu Mgongo wa Tembo, ambako tulikuta kinyesi cha tembo kibichi kikiwa bado kinafuka mvuke, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000. Mimi nilikuwa nahema kama mvukuto. Tembo yeye alikuwa amepita hapo akila.

Ndege aitwaye shorobo alikatiza njia mara moja tu. Akiwa ametulia ni kijani na samawati, akiruka mabawa yanafunguka mekundu kama bendera ya hatari. Wekundu ule una shaba ndani yake, shaba halisi, jambo ambalo nililisoma zamani na sikuwahi kuliamini mpaka nilipouona ukiwaka kwenye jua.

Hapo ndipo soli ya kiatu changu cha kulia ilipoachia. Viatu nilikodi kwenye duka moja mjini, na mwenye duka aliniapia kwamba vimefika Kibo mara sita. Labda ndiyo ilikuwa tatizo. Mgumu mmoja alitoa mfukoni kipande cha mpira wa tyubu, akaifunga soli mara tatu, akakaza kwa fundo ambalo mpaka leo sijui limefungwaje. Nilimpa pole na asante kwa pamoja. Akasema, "Dada, hata mimi cha kwangu kiko hivyo hivyo," akainua mguu akanionyesha.

Saddle ni mita 3,570. Miti imekwisha, vimebaki vichaka vyenye majani kama sindano, na kunguru wa shingo nyeupe wanaojua siku yako ya kufungua biskuti. Jioni tulipanda Meru Ndogo, mita 3,820, kuuzoeza mwili. Ni kama saa moja kwenda. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, sikuona lolote, na sina zaidi la kusema kuhusu Meru Ndogo.

Siku ya tatu: Usiku wa kilele

Tuliamshwa saa sita usiku. Chai, uji, hakuna aliyemaliza. Saa saba tukatoka, tochi kichwani, nguo zote nilizokuja nazo zikiwa mwilini. Anga ilikuwa na nyota nyingi hadi inaudhi.

Kituo cha kwanza ni Rhino Point, mita 3,800. Faru aliyetoa jina hilo hayupo tena. Majangili walimmaliza kwenye hifadhi hii. Nilimwuliza Afande kama aliwahi kuwaona faru hapa. Akasema, "Baba yangu," na hapo mazungumzo yakaisha.

Baada ya hapo njia inashuka kidogo, jambo linalokera kuliko kupanda kwa sababu unajua utalipia, kisha unavuka mwamba unaoinama ukishika kwa mikono. Halafu unaingia kwenye ukingo wa kasoko, shimo la volkano. Kushoto giza, kulia giza. Mwongozaji alituambia tusimulike pembeni, nami nikasimulika. Mwanga wa tochi uliondoka haukurudi. Ukuta wa ndani wa Meru unakwenda chini karibu mita 1,500 kwa sehemu.

Ardhi ni majivu, hatua mbili mbele, moja nyuma. Saa kumi kichwa kilianza kupiga. Saa kumi na moja nilitapika uji. Kwenye mwinuko ule oksijeni unayoivuta kwa kila pumzi ni kama asilimia 60 ya unayoipata Tanga, na mwili wangu ulikuwa umeanza kudai hiyo 40. Tulipofika Cobra Point, mita 4,350, nilikaa chini, na nilipojaribu kusimama dunia ikaenda upande.

Mdogo wangu aliinama. "Dada, bado kidogo tu."

Haikuwa kidogo. Ilikuwa mita mia mbili na ushee za kupanda, na saa nzima au zaidi. Afande aliniangalia machoni kwa tochi, akaniuliza jina la mama yangu na leo ni siku gani. Nilijibu sawa, lakini taratibu. Akaamua: mwongozaji aendelee na kijana, yeye abaki na mimi. Hakuniuliza maoni yangu. Nilishukuru kwamba hakuniuliza, maana ningedanganya.

Walivyoondoka nililia kidogo, kisha baridi ikanikumbusha kwamba machozi huganda. Afande alimimina chai kutoka kwenye chupa. Tukasogea nyuma ya jiwe kubwa, nje ya upepo.

Jua lilitoka saa kumi na mbili na dakika arobaini, kulia kwa Kilimanjaro. Kwanza ukingo mwekundu, halafu kasoko yote ikafunguka chini yetu, na katikati yake kile kilima cha majivu, mita 3,667, kimekaa kama chungu kilichopinduliwa, na mto wa lava nyeusi umegandia kando yake. Meru haijafa. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910, na hiyo ni juzi tu kwa mlima. Nyuma yetu kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya nchi upande wa magharibi, pembetatu ndefu ya buluu, na huko chini taa zilikuwa bado hazijazimwa.

"Usigeuke haraka," Afande akasema.

Mbuzi mawe wawili, dume na jike, hatua ishirini kutoka kwetu. Wadogo, manyoya magumu ya rangi ya jabali lenyewe, wamesimama kwa ncha za kwato kama wacheza dansi. Hata nilipojua walipo, nilikuwa nawapoteza na kuwapata tena. Jike alikuwa anang'oa kitu kwenye ufa wa mwamba. Dume halikula. Liliangalia bonde, likatuangalia sisi, likaangalia bonde. Afande alininong'oneza kwamba hukaa wawili wawili maisha yao, na mmoja akila mwenzake hulinda. Baada ya muda walibadilishana, jike akainua kichwa, dume likainama, bila sauti wala ishara niliyoiona.

Walikaa dakika kumi hivi. Kisha jike akaruka kwenye ule ukuta ambao mimi nilikuwa naogopa hata kuutazama, kana kwamba anashuka ngazi za nyumbani, na dume likafuata.

Mdogo wangu alirudi saa mbili na nusu, midomo imepasuka, anacheka peke yake. Amefika Socialist Peak, kilele chenyewe. Aliuliza urefu wake halisi, maana baadhi ya vitabu huandika mita 4,566 na vingine 4,562, na mwongozaji akamwambia achague anayoitaka. Alichagua 4,566.

Kushuka sitakusimulia. Magoti yangu yanakumbuka. Tulifika Saddle tukala supu, tukalala saa moja, tukaendelea hadi Miriakamba. Usiku huo nyati wangeweza kuingia chumbani nisiwasikie.

Siku ya nne: Njia fupi

Tulitoka Miriakamba saa mbili. Kabla ya kuondoka nilijaza chupa ya maji yaliyokingwa kwenye kijito cha mlimani, nimpelekee mama. Miaka sitini na saba ameishi chini ya mlima huu, na hajawahi kuvuka lile geti.

Njia fupi ni mteremko mtupu. Pongo mmoja, ngedere wachache, na hondohondo waliopita juu kwa kelele za mabawa yao mazito. Kwenye ule uwanda wa nyasi fupi kundi la nyati, si chini ya sitini, lilikuwa limelala kwenye njia yenyewe. Tulisubiri dakika arobaini. Geti tuliliona, magari tuliyaona, hata mwanya wa choo tuliuona, na mgumu mwenye mtungi wa gesi aliuweka chini akaukalia. Afande alikaa kwenye nyasi akavua kofia. Walinyanyuka kwa wakati wao, akina mama na ndama kwanza.

Getini mdogo wangu alipewa cheti. Alikishika kwa vidole viwili njia nzima hadi Maji ya Chai, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Viatu nilivirudisha dukani kesho yake vikiwa bado vimefungwa mpira, na mwenye duka aliutazama mpira huo bila kusema neno.

Mama alitutengea loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Nilimpa ile chupa, nikamweleza ilikotoka. Aliifungua, akanusa, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Halafu akaenda jikoni, akaimimina yote kwenye ndoo ya mkaa wa mifupa.

"Haya nayajua," akasema, akafunika.